Askari Wapanda Farasi wa Jeshi la Marekani: Kutoka Long Island hadi Morong

Katika majeshi ya kale ya Ulaya, askari mpanda farasi alikuwa mtu anayepigana akiwa juu ya mnyama wake, na silaha yake kubwa ilikuwa kishindo cha mamia ya farasi wanaokwenda mbio kwa pamoja huku kila mpandaji akiwa na kitara au mkuki mkononi. Jeshi la Marekani lilikuwa na vikosi vya farasi katika sehemu kubwa ya miaka zaidi ya 160 ya mwanzo wa taifa hilo, lakini ni mara chache vikosi hivyo vilipigana kwa namna hiyo. Kwa kawaida farasi alikuwa chombo cha kumfikisha askari mahali pa vita, na askari alipofika alishuka, akamkabidhi mwenzake hatamu, akapigana kwa miguu kwa bunduki. Filamu zimewazoesha watazamaji wa dunia nzima kuona tarumbeta, bendera na mashambulio ya mbio, ilhali daftari za maghala ya jeshi zinaonyesha mambo mengine kabisa, yaani shayiri, nyasi kavu, viatu vya chuma na mizoga, na daftari hizo ndizo zinazoeleza vizuri zaidi kwa nini vikosi hivyo viliundwa, kwa nini vilishinda au kushindwa, na kwa nini hatimaye vilitoweka.

Vita vya kupigania uhuru dhidi ya Uingereza vilipoanza mwaka 1775, Jenerali George Washington, ingawa mwenyewe alikuwa mpandaji hodari aliyekulia katika mashamba ya Virginia, hakuona haja ya kuwa na farasi wengi katika jeshi lake, kwa kuwa malisho yalikuwa haba, fedha hazikuwapo, na nchi ya mashariki ilikuwa ya misitu, kuta za mawe na mashamba madogo madogo yasiyo na nafasi ya farasi kukimbia. Mwezi Julai 1776 mamia ya wapanda farasi wa kujitolea walifika New York kutoka Connecticut, wakakataa kuachana na wanyama wao na kufanya kazi za kambini kama askari wengine, na Washington akawarudisha makwao. Mwezi mmoja baadaye, katika mapigano ya Long Island ya tarehe 27 Agosti, njia ya Jamaica iliyopita kushoto mwa jeshi lake ilikuwa ikilindwa na maofisa 5 tu waliopanda farasi. Waingereza waliwakamata wote watano usiku, wakapita kimyakimya na maelfu ya askari, na kulipopambazuka walikuwa wamefika nyuma ya Wamarekani. Kushindwa huko kulidhihirisha kwamba kazi ya kwanza ya askari wa farasi ni kuona, yaani kulitangulia jeshi, kulizunguka pembeni, na kurudi na habari kabla adui hajafika, na kwamba jeshi lisilo na watu wa kazi hiyo hutembea gizani hata mchana.

Funzo hilo liliingia. Tarehe 12 Desemba 1776 Bunge la makoloni lilimpa Elisha Sheldon wa Connecticut mamlaka ya kuunda rejimenti ya wapanda farasi wepesi, na mwaka uliofuata rejimenti zikawa 4. Mpolandi Casimir Pulaski, aliyekimbilia Amerika baada ya kushindwa katika vita vya nchini kwake, alipewa uongozi wa vikosi vyote vya farasi mwezi Septemba 1777, akajaribu kuvifundisha kupigana kwa mtindo wa Ulaya Mashariki, kisha akajeruhiwa katika shambulio la Savannah mwezi Oktoba 1779 na kufariki siku chache baadaye, na hadi leo Wamarekani wengi humwita baba wa askari wapanda farasi wao. Rejimenti hizo hazikuwahi kutimiza idadi yao, na mara nyingi zilikuwa na watu wasio na farasi au farasi wasio na matandiko, lakini katika mapigano ya Cowpens huko South Carolina, tarehe 17 Januari 1781, wapanda farasi wachache wa Kanali William Washington, ndugu wa mbali wa jenerali mkuu, walitokea nyuma ya mwinuko wa ardhi na kuwapiga Waingereza wa Banastre Tarleton kwa wakati uliofaa kabisa. Vita vilipokwisha vikosi vyote vya farasi vilivunjwa, kwa kuwa taifa jipya lilikuwa na madeni, na wananchi wake waliogopa jeshi la kudumu kuwa chombo cha udhalimu.

Kwa nusu karne iliyofuata serikali iliunda vikosi vya farasi hatari ilipokuja na kuvivunja ilipopita, na kati ya mwaka 1815 na 1832 jeshi la taifa halikuwa na kikosi hata kimoja cha aina hiyo. Kilichobadilisha mambo ni nchi yenyewe, kwani wafanyabiashara na walowezi walipovuka mto Missouri waliacha misitu nyuma yao na kuingia katika Tambarare Kuu, nchi ya nyasi isiyo na miti iliyoenea kwa mamia ya kilomita kuelekea milima ya Rocky. Mwaka 1829 Meja Bennet Riley alitumwa na askari wa miguu kulinda misafara ya biashara iliyokwenda Santa Fe, na mizigo yao ikivutwa na maksai. Waliposhambuliwa na wapiganaji wenyeji waliopanda farasi, waliweza kujikinga lakini hawakuweza kumfuata mtu yeyote. Bunge lilielewa. Mwaka 1832 liliidhinisha kikosi cha muda cha wapanda farasi wa kujitolea, na tarehe 2 Machi 1833 likaunda rejimenti ya kudumu ya dragoni chini ya Kanali Henry Dodge na msaidizi wake Stephen W. Kearny.

Neno dragoni lina uzito katika historia hii. Huko Ulaya lilitaja askari anayesafiri kwa farasi lakini anayefundishwa kupigana kwa miguu pia, akiwa na bunduki fupi iitwayo karabini pamoja na kitara, na kwa hiyo akawa mtu wa kati baina ya askari wa miguu na mpanda farasi kamili. Kwa nchi yenye bajeti ndogo na eneo kubwa, askari mmoja anayefanya kazi za wawili alikuwa chaguo la busara, na tangu hapo sura ya dragoni haikuwahi kufutika katika vikosi vya farasi vya Marekani hata jina lenyewe lilipoachwa. Rejimenti ya pili ya dragoni iliundwa mwaka 1836, wakati wa vita dhidi ya Waseminole wa Florida, ambako mabwawa hayakumfaa farasi hata kidogo. Mwaka 1846 ikafuata rejimenti ya wapiga bunduki wapanda farasi, ambayo ilipoteza farasi wake wengi kwa dhoruba baharini ikielekea vita vya Meksiko na hivyo ikapigana vita hivyo karibu yote kwa miguu. Mwaka 1855, kwa msukumo wa waziri wa vita Jefferson Davis, ziliongezwa rejimenti 2 zaidi, na kwa hiyo jeshi likawa na wapanda farasi wa aina tatu, yaani dragoni, wapiga bunduki na wapanda farasi wa kawaida, wenye sare tofauti na kazi ile ile.

Kabla ya kuingia katika vita vikubwa vilivyofuata, inafaa kueleza farasi wa jeshi alihitaji nini, kwa sababu bila hesabu hiyo mengi hayaeleweki. Posho ya kila siku ya farasi mmoja wa jeshi ilikuwa ratili 12 za nafaka na ratili 14 za nyasi kavu, yaani takriban kilo 5.4 na kilo 6.4. Rejimenti yenye farasi 1,000 ilihitaji basi karibu tani 12 za chakula kwa siku, na chakula hicho kilipaswa kubebwa na magari ya kukokotwa na nyumbu, ambao nao walikula. Farasi mkubwa aliyezoea nafaka hakuweza kuishi kwa nyasi peke yake huku akimbeba mtu, tandiko, silaha na blanketi kilomita 40 au 50 kila siku. Akinyimwa nafaka wiki mbili alikonda, mgongo ukachubuka, kwato zikapasuka, na mpandaji wake akajikuta akitembea. Vitani nako kulikuwa na gharama nyingine, kwani askari waliposhuka ili wapigane, mmoja kati ya kila wanne alibaki nyuma ameshika hatamu za farasi wake na za wenzake watatu, hivyo kikosi cha watu 100 kiliingia katika mapigano na bunduki 75 tu. Hata tandiko lililopitishwa rasmi mwaka 1859, lililobuniwa na George B. McClellan baada ya kutumwa Ulaya kuchunguza vita vya Krimea, lilitokana na hesabu hizi: lilikuwa fremu nyepesi ya mbao iliyofunikwa kwa ngozi, yenye uwazi katikati ili uti wa mgongo wa farasi usisuguliwe, na likadumu jeshini hadi siku za mwisho za farasi wenyewe.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilivyozuka mwaka 1861 viliwakuta wakuu wa Kaskazini hawako tayari. Jenerali Winfield Scott, mkuu wa jeshi, aliamini kwamba vita vingekwisha kabla ya wapanda farasi wapya kufundishika, na kwa kiasi fulani alikuwa na haki, maana kumfundisha kijana wa mjini kupanda farasi, kumtunza na kupiga bunduki akiwa juu yake kulihitaji mwaka mzima au zaidi. Mwezi Agosti mwaka huo rejimenti zote za zamani, pamoja na moja mpya, zilipewa jina moja na kupangwa kwa namba kuanzia ya 1 hadi ya 6. Upande wa Kusini kila askari alikuja na farasi wake mwenyewe na kulipwa senti 40 kwa siku kwa kumtumia, utaratibu uliolipatia Shirikisho la Kusini wapanda farasi wazuri mapema lakini ukaliangamiza baadaye, kwa sababu aliyefiwa na farasi alilazimika kurudi kwao kutafuta mwingine. Mwezi Juni 1862 J.E.B. Stuart, kamanda wa wapanda farasi wa Kusini, aliongoza watu wapatao 1,200 kulizunguka jeshi zima la Kaskazini la McClellan, yule aliyebuni tandiko, lililokuwa na watu zaidi ya 100,000 nje ya Richmond, akarudi na habari kamili za mahali lilipo, na kwa karibu mwaka mzima Kaskazini haikuwa na jibu.

Jibu lilikuja mwaka 1863, na lilikuja kwanza ghalani. Vikosi vya farasi vilivyokuwa vimetawanywa katika makao ya kila jenerali kama matarishi na walinzi vilikusanywa pamoja, na mwezi Julai ikaundwa ofisi maalumu ya kununua, kukagua na kutibu farasi, yenye kituo kikubwa huko Giesboro karibu na Washington ambako maelfu ya wanyama walipitia. Tarehe 9 Juni, huko Brandy Station katika Virginia, takriban wapanda farasi 20,000 wa pande zote mbili walikutana katika mapigano makubwa zaidi ya aina hiyo kuwahi kutokea Amerika Kaskazini, na ingawa Stuart alibaki na uwanja, ilikuwa wazi kwamba wapinzani wake wamejifunza. Miezi miwili kabla ya hapo Benjamin Grierson, mwalimu wa muziki ambaye hakupenda farasi tangu alipopigwa teke na mmoja wao utotoni, alikuwa ameondoka Tennessee na watu 1,700, akaipita Mississippi yote akibomoa reli na kukata waya za telegrafu, na baada ya siku 16 akatokea Baton Rouge, Louisiana, huku adui akiwa bado anamtafuta kaskazini.

Hata hivyo mapigano yanayoonyesha vizuri zaidi asili ya askari hao ni yale waliyopigana wakiwa wameshuka. Asubuhi ya tarehe 1 Julai 1863, magharibi mwa mji wa Gettysburg, watu wa John Buford wasiofikia 3,000 waliwaacha farasi wao nyuma, wakajipanga kwenye vilima na kulizuia jeshi la Kusini kwa saa za kutosha hadi askari wa miguu wa Kaskazini walipofika kuchukua nafasi zao. Farasi waliwafikisha mapema. Karabini zinazojazwa risasi kwa nyuma, ambazo zilimwezesha askari kupiga upesi kuliko aliyejaza bunduki kwa mdomo, ziliwawezesha kukaa. Baadaye Kaskazini ilianza kugawa karabini ya Spencer, iliyobeba risasi 7 kwa pamoja, na tarehe 2 Aprili 1865 James H. Wilson, aliyekuwa na wapanda farasi wapatao 13,000, aliwashusha watu wake mbele ya ngome za Selma, Alabama, na kuziteka kwa miguu, jambo ambalo hakuna mtaalamu wa vita wa Ulaya wa siku hizo angelitarajia kutoka kwa kikosi cha farasi. Gharama ilikuwa ya kutisha. Makadirio ya kawaida ni kwamba farasi na nyumbu zaidi ya milioni moja walikufa katika vita hivyo, na wengi wao hawakufa kwa risasi, bali kwa njaa, kazi na magonjwa.

Amani ilipopatikana, sheria ya tarehe 28 Julai 1866 iliongeza rejimenti 4, kuanzia ya 7 hadi ya 10, na kuagiza kwamba 2 kati yake ziwe za askari weusi. Rejimenti ya 9 ilianza kuandikisha watu New Orleans chini ya Edward Hatch, na ya 10 huko Fort Leavenworth, Kansas, chini ya Grierson yule yule. Maofisa walikuwa wazungu, lakini mshahara wa askari ulikuwa dola 13 kwa mwezi kama wa mzungu, jambo ambalo mtu aliyetoka utumwani mwaka mmoja tu uliopita hakuweza kulipata kirahisi mahali pengine popote Marekani. Wenyeji wa tambarare waliwaita Askari Nyati, kwa kuwafananisha na nyati wa Amerika, na jina hilo linajulikana hadi Afrika Mashariki kwa sababu ya wimbo wa Bob Marley uliotolewa mwaka 1983. Maisha yao yalikuwa ya kulinda barabara, kujenga ngome na kufuata nyayo jangwani. Mwezi Julai 1877 kombania moja ya rejimenti ya 10 ilipotea katika nyika kavu ya Texas, ikakaa saa 86 bila maji, watu wakanywa damu ya farasi wao waliokufa, na askari 4 walifariki.

Hapa historia hii inafikia mahali pake pachungu zaidi, na haifai kupitwa haraka. Watu waliopigwa na vikosi hivi, Wakomanche, Wakiowa, Wacheyenne, Walakota na wengine, walikuwa wapanda farasi bora kuliko askari wa serikali. Farasi waliletwa na Wahispania, na baada ya Wapueblo wa New Mexico kuwafukuza watawala wao mwaka 1680 walienea kwa wingi kuelekea kaskazini, na katika vizazi vichache mataifa ya tambarare yakajenga maisha yao yote juu ya mnyama huyo, kuanzia uwindaji wa nyati hadi mahari. Farasi wao wadogo waliishi kwa nyasi tu, wakahama kwa wepesi ambao farasi mla nafaka hakuuweza, na wakati wa kiangazi jeshi halikuweza kuwakamata. Lakini wakati wa baridi kali nyasi zilifunikwa na theluji, farasi hao wakakonda na kubaki kambini, ilhali farasi wa jeshi waliendelea kula nafaka iliyoletwa kwa magari. Jenerali Philip Sheridan aliona udhaifu huo na kuutumia. Tarehe 27 Novemba 1868 rejimenti ya 7 ya George Armstrong Custer ilikishambulia kijiji cha Wacheyenne kando ya mto Washita alfajiri katika theluji, ikamuua mzee wao Black Kettle aliyekuwa akitafuta amani, kisha ikawapiga risasi mamia ya farasi wa kijiji. Tarehe 28 Septemba 1874, katika bonde la Palo Duro huko Texas, Kanali Ranald Mackenzie wa rejimenti ya 4 aliua watu wachache mno, lakini aliamuru farasi zaidi ya 1,000 waliotekwa wapigwe risasi, na kwa amri hiyo moja uhuru wa Wakomanche ulikwisha. Mwezi Juni mwaka uliofuata kundi lao la mwisho lililoongozwa na Quanah Parker lilijisalimisha Fort Sill. Wapanda farasi waliwashinda wapanda farasi wenzao kwa kuua farasi.

Mapigano yaliyopata umaarufu kuliko yote, ya Little Bighorn huko Montana tarehe 25 Juni 1876, yanaeleweka vibaya kwa sababu ya michoro mingi inayomwonyesha Custer na watu wake wakipunga vitara. Rejimenti ya 7 iliviacha vitara vyake nyuma kabla ya kufika huko. Custer aliwagawa watu wake wapatao 600 mbele ya kijiji kikubwa cha Walakota, Wacheyenne na Waarapaho, na yeye pamoja na watu takriban 210 aliokwenda nao waliuawa wote, wengi wakiwa kwa miguu. Miaka 14 baadaye, tarehe 29 Desemba 1890, rejimenti hiyo hiyo ililizunguka kundi la Walakota lililokwisha kujisalimisha kando ya kijito cha Wounded Knee, South Dakota, na wakati wa kuwanyang'anya silaha ikafyatua bunduki na mizinga midogo, ikawaua watu zaidi ya 150, na kwa makadirio mengi karibu 300, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Askari wapatao 20 walitunukiwa Nishani ya Heshima kwa siku hiyo. Mwaka 1990, miaka 100 baadaye, Bunge la Marekani lilieleza majuto yake makubwa, lakini nishani zilibaki. Yaliyotendeka pale yalikuwa mauaji ya watu walioshindwa, na ujasiri ambao askari wa rejimenti hiyo walionyesha mahali pengine hauwezi kulifunika jambo hilo.

Na Askari Nyati nao hawakuwa nje ya kazi hiyo ya kuwanyang'anya wenyeji nchi yao. Watu waliokuwa wametoka katika minyororo walitumwa kuwafungia wengine katika maeneo ya hifadhi, wakatii, na hawakulipwa heshima waliyostahili. Henry O. Flipper, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, mwaka 1877, alifukuzwa jeshini mwaka 1882 baada ya kesi ambayo jeshi lenyewe baadaye liliona hukumu yake haikuwa ya haki, akasamehewa rasmi na Rais Bill Clinton mwaka 1999, miongo mingi baada ya kifo chake. Charles Young, aliyehitimu mwaka 1889, alitumikia rejimenti za 9 na 10, akasimamia hifadhi ya miti mikubwa ya Sequoia huko California mwaka 1903, akatumwa Haiti na Liberia kama mwambata wa kijeshi. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia alistaafishwa kwa madai ya afya mbovu, wakati ambapo angeweza kupandishwa kuwa jenerali. Mwezi Juni 1918 alipanda farasi kutoka Wilberforce, Ohio, hadi Washington, safari ya karibu kilomita 800, ili aonyeshe kwamba mwili wake ni mzima. Alirudishwa kazini siku chache tu kabla ya vita kwisha, akapelekwa tena Liberia, na akafariki Lagos tarehe 8 Januari 1922.

Miaka iliyofuata Wounded Knee ilikuwa ya kushuka kwa farasi hatua kwa hatua. Mwaka 1898, katika vita dhidi ya Hispania, meli zilizoondoka Tampa, Florida, hazikuwa na nafasi ya wanyama wote, hivyo wapanda farasi wa kujitolea wa Theodore Roosevelt, yule yule aliyeteremka Mombasa mwaka 1909 kwa safari yake ya uwindaji, walipanda vilima vya San Juan nchini Kuba kwa miguu, bega kwa bega na rejimenti za 9 na 10. Mwezi Machi 1916 mwanamapinduzi wa Meksiko Pancho Villa aliushambulia mji mdogo wa Columbus, New Mexico, na Jenerali John J. Pershing, ambaye zamani alikuwa ofisa wa rejimenti ya 10, akaingia Meksiko na maelfu ya askari kumtafuta, wengi wakiwa juu ya farasi. Hawakumpata, na msafara huo ulionyesha kwa uwazi mambo yaliyokuwa yanakuja, maana farasi walikufa kwa wingi katika milima mikavu huku malori yakileta chakula na ndege chache zikijaribu kupeleleza kutoka angani. Ulayani, ambako bunduki za rashasha na seng'enge zilitawala, Wamarekani walitumia wapanda farasi wachache mno mwaka 1918.

Kati ya vita viwili vya dunia palikuwa na ubishi mkali. Upande mmoja walisimama watu kama Adna R. Chaffee, mwana wa mpanda farasi na mpanda farasi mwenyewe, aliyeona kwamba kazi ya kikosi cha farasi, ya kwenda haraka na kuona mbali, sasa inaweza kufanywa vizuri zaidi na injini. Upande wa pili alikuwa Jenerali John K. Herr, mkuu wa mwisho wa tawi hilo, aliyeamini kwamba farasi ataendelea kufika mahali ambapo kifaru hakifiki. Herr hakuwa mjinga, kwani barabara zilikuwa chache na magari ya miaka hiyo yalikuwa dhaifu, lakini alikataa kutoa hata rejimenti moja iachane na farasi wake wakati ambapo muda wa kubadilika ulikuwa unakwisha. Rejimenti ya 1 ilikwisha kuwaaga farasi wake mwaka 1933 huko Marfa, Texas. Nyingine zilijaribu njia ya kati ya kuwapakia farasi katika malori makubwa, wakasafirishwa na injini hadi karibu na uwanja na kushushwa hapo. Tarehe 10 Julai 1940, majuma machache baada ya vifaru vya Ujerumani kuiangusha Ufaransa, kiliundwa kikosi cha pekee cha vifaru chini ya Chaffee, na mwezi Machi 1942 ofisi ya Herr ilifutwa.

Wakati ofisi hiyo ilipokuwa inafungwa, rejimenti moja ilikuwa bado vitani na farasi wake. Ilikuwa ya 26, iliyoundwa na askari Wafilipino chini ya maofisa wengi Wamarekani, na tangu Wajapani walipotua katika kisiwa cha Luzon mwezi Desemba 1941 ilikuwa imefanya kazi ya kuwachelewesha ili jeshi lote lipate kurudi nyuma hadi rasi ya Bataan. Tarehe 16 Januari 1942 Luteni Edwin Ramsey, akiwa na wapanda farasi 27, aliingia katika kijiji cha Morong, akakuta Wajapani wakivuka mto, akaamuru shambulio, na watu wake wakawavamia kwa bastola wakiwa juu ya farasi, kisha wakashuka na kushikilia kijiji hadi msaada ulipofika. Hilo ndilo linalohesabiwa kuwa shambulio la mwisho la wapanda farasi wa jeshi la Marekani. Majuma machache baadaye chakula kilikwisha Bataan, cha watu na cha wanyama, na Jenerali Jonathan Wainwright, mpanda farasi wa maisha yake yote, aliamuru farasi wa rejimenti hiyo wachinjwe ili askari wale, na farasi wake mwenyewe akiwamo.

Divisheni ya 1 ya wapanda farasi iliwaacha wanyama wake mwaka 1943 na kwenda kupigana Pasifiki kwa miguu. Divisheni ya 2, yenye askari weusi wa rejimenti za 9 na 10, ilipelekwa Afrika Kaskazini mwaka 1944 na kuvunjwa huko, watu wake wakagawiwa kazi za bandarini na barabarani. Sheria ya mwaka 1950 iliunganisha rasmi tawi la farasi na lile la vifaru. Majina ya rejimenti yalibaki, na hata leo zipo zinazobeba namba za kale huku zikitumia magari ya deraya na helikopta. Rejimenti ya 7 iliingia bonde la Ia Drang nchini Vietnam mwezi Novemba 1965 ikishushwa kutoka angani, na mwishoni mwa mwaka 2001 makomando wachache wa Marekani waliazima farasi wa wenyeji katika milima ya kaskazini mwa Afghanistan kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kwenda pamoja na wapiganaji waliowasaidia. Farasi wa mwisho wa vikosi hivyo aliyebaki katika orodha ya serikali, jina lake Chief, alikufa mwezi Mei 1968 akiwa na umri wa miaka 36, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika uwanja wa gwaride wa Fort Riley, Kansas, akiwa amesimamishwa kaburini.